Maziwa ya Kuchangiwa kwa Mtoto Anayeshindwa Kunyonya: Mwongozo Kamili kwa Wazazi

Mtoto akizaliwa na asiweze kunyonya, au maziwa ya mama yake yakachelewa kutoka, saa za mwanzo hukimbia. Kila anayeingia wodini ana ushauri wake, na mara nyingi mkono huenda kwenye kopo lililo karibu kabla mtu hajauliza kama kuna maziwa ya mama mwingine. Mwongozo huu ni wa mzazi, bibi, au yeyote anayekaa kando ya kitanda cha mtoto huyo. Unaeleza maziwa ya kuchangiwa ni nini, yanamsaidiaje mtoto, uyaombe vipi na uyatumie vipi. Ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: maziwa hayo hufanya kazi yake vizuri pale ambapo mama mzazi anaendelea kukamua ya kwake. Akiacha kukamua kwa sababu mtoto amepata chupa ya benki ya maziwa, yaani mahali ambapo maziwa ya akina mama wachangiaji hukusanywa, kupimwa na kutunzwa, mtoto amepoteza kikubwa.

Ni mtoto gani hasa anayeyahitaji

Wa kwanza ni mtoto njiti, hasa aliyezaliwa kabla ya wiki 32 za mimba au mwenye uzito chini ya kilo 1.5. Kunyonya, kumeza na kupumua ni kazi tatu zinazopaswa kupokezana, na mtoto huanza kuzimudu kwa pamoja kwenye wiki ya 32 hadi ya 34 hivi. Kabla ya hapo anaweza kuramba chuchu, hata kuvuta mara mbili tatu, lakini hawezi kushiba kwa njia hiyo. Utumbo wake nao haujakomaa. Ukipokea chakula ambacho ni kizito kwake kusaga unaweza kuvimba, ukashambuliwa na bakteria, na sehemu ya ukuta wake ikafa. Ugonjwa huo madaktari huuita NEC kwa kifupi, na ni miongoni mwa magonjwa yanayoogopwa zaidi katika wodi za watoto njiti.

Wapo pia waliotimiza miezi yao lakini wana kikwazo. Mwenye kaakaa lililopasuka hawezi kuvuta, kwa kuwa hewa hupita kwenye ufa. Mwenye misuli legevu, kama watoto wengi wenye sindromu ya Down, huishika chuchu kisha huiachia. Mwenye ugonjwa wa moyo huchoka na kutokwa jasho kabla hajashiba. Aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo huanza kulishwa kwa matone, na matone hayo yakiwa maziwa ya binadamu utumbo huyapokea kwa urahisi zaidi. Mwingine amelegea kwa sababu ya manjano au sukari kushuka, anahitaji msaada wa siku mbili tatu tu.

Upande wa mama sababu ni nyingi: upasuaji, damu nyingi iliyopotea, kipande cha kondo kilichobaki, ugonjwa uliomlaza chumba cha wagonjwa mahututi, dawa za saratani. Na wapo watoto ambao mama zao hawakuvuka salama uzazi wenyewe.

Benki za maziwa hazina ya kumtosha kila mtoto, kwa hiyo watoto njiti na wagonjwa hutangulizwa. Ukiambiwa mtoto wako wa kilo tatu asubiri, usidhani umedharauliwa. Uliza kama anaweza kupata kiasi cha siku chache huku maziwa yako yakija.

Wapo watoto wachache ambao hawapaswi kupewa maziwa ya mama yeyote, hata ya mama zao. Mfano ni mwenye galaktosemia, ugonjwa wa kurithi unaomfanya mwili wake ushindwe kutumia sukari iliyomo ndani ya maziwa. Ni ugonjwa adimu. Daktari akiutaja, maziwa ya kuchangiwa hayamhusu mtoto huyo.

Yanasaidia nini, na nini hayawezi

Benki ya kwanza ya maziwa ya mama ilifunguliwa Vienna mwaka 1909. Brazil ilianza ya kwake mwaka 1943 na leo ina benki zaidi ya 200. Katika miaka ya 1980, hofu ya Ukimwi ilifanya nyingi duniani zifungwe, kisha upimaji wa damu na njia za kuua vijidudu kwa joto zikazirudisha. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua ya kwake mwaka 2019. Shirika la Afya Duniani limepanga ngazi kwa mtoto njiti: kwanza maziwa ya mama yake mwenyewe, yakikosekana ya mama mchangiaji kutoka benki, na yakikosekana hayo ndipo maziwa ya kopo.

Sababu kubwa ya mpangilio huo ni utumbo. Tathmini ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kulinganisha majaribio ya tiba, iliyokusanya majaribio 12 yenye watoto 1,879, ilionyesha kuwa waliopewa maziwa ya kopo walikaribia kuwa na hatari maradufu ya kupata NEC kuliko waliopewa maziwa ya kuchangiwa. Tathmini hiyohiyo ilionyesha upande wa pili: waliokunywa ya kopo waliongezeka uzito, urefu na mzingo wa kichwa haraka zaidi. Haikuonyesha tofauti katika vifo. Mzazi anastahili kuelezwa yote mawili, maana la pili ndilo linalofanya hatua ya kupima uzito, nitakayoieleza mbele, isiwe ya kupuuzwa.

Maziwa ya benki hupashwa joto la nyuzi 62.5 za Selsiasi kwa dakika 30, kisha hupozwa haraka na kugandishwa. Njia hiyo, iitwayo Holder, huua VVU, virusi vya saitomegalo na bakteria wengi. Sukari ndefu za maziwa ya mama, zile zinazolisha bakteria wema na kuwazuia wabaya kushika ukuta wa utumbo, huvumilia joto hilo karibu zote. Kingamwili hupungua lakini nyingi hubaki. Seli hai hufa. Kimeng'enya kinachosaidia kusaga mafuta huharibika kabisa, na protini ya laktoferini inayopambana na bakteria hupungua sana. Ndiyo maana matone ya mama mzazi, hata yakiwa machache, yana kitu ambacho chupa ya benki haina.

Hatua ya kwanza: anza kukamua kabla hujaomba

Ndani ya saa ya kwanza baada ya kujifungua ikiwezekana, na isizidi saa sita, anza kukamua kwa mkono. Siku mbili za mwanzo mkono hushinda mashine, kwa sababu maziwa ya kwanza ya manjano ni mazito na machache, na kwenye mashine hupotelea kwenye mipira. Nawa mikono. Weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, mbali kidogo na chuchu, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na kuachia bila kuteleza juu ya ngozi. Pokea matone kwa kijiko au bomba dogo la sindano lisilo na sindano yake.

Rudia mara 8 hadi 10 kwa saa 24, na angalau mara moja usiku wa manane, wakati homoni inayotengeneza maziwa huwa juu. Mama wengi hukata tamaa siku ya kwanza kwa kuona vijiko viwili tu. Kiasi hicho ni cha kawaida. Mtoto njiti akipakwa matone hayo ndani ya mashavu, hata kama bado hajaanza kulishwa, hupata kinga ya mwanzo mdomoni na kooni. Mwombe muuguzi aonyeshe jinsi ya kuyapaka.

Maziwa mengi huja kati ya siku ya pili na ya tano. Kufikia siku ya 10 hadi ya 14, mama mwenye mtoto njiti hulenga mililita 500 hadi 750 kwa siku, hata kama mtoto bado hawezi kumaliza robo yake. Yanayozidi hugandishwa na yatamsubiri. Mkumbatie mtoto ngozi kwa ngozi kwa njia ya kangaruu kila unaporuhusiwa, kisha kamua papo hapo baada ya kumtoa kifuani. Wengi hupata zaidi wakati huo.

Kama mama amelala hajitambui, mwenza au ndugu amwulize daktari mapema kama anaweza kukamuliwa na muuguzi. Hili husahaulika kwa sababu kila mtu anahangaika na uhai wake, na ni haki kuhangaika. Lakini titi lisiloguswa kwa siku kadhaa hupunguza sana uwezo wake.

Hatua ya pili: uliza kwa maneno yaliyo wazi

Usisubiri kuambiwa. Wodi yenye kazi nyingi inaweza kuendelea na utaratibu wake mpaka mzazi afungue mdomo. Sema hivi: "Sista, maziwa yangu bado ni machache. Kabla mtoto hajapewa ya kopo, naomba kujua kama kuna maziwa ya mama yaliyochangiwa, na kama mwanangu anaruhusiwa kuyapata." Daktari akipita, uliza mengine: atayatumia kwa muda gani? Nani ataamua kuyasimamisha? Yataongezewa virutubisho lini? Kuna gharama, na ipi? Benki nyingi haziuzi maziwa yenyewe, lakini upimaji, chupa na umeme vina gharama, na taratibu hutofautiana.

Utaombwa kutia sahihi kukubali. Soma, au msomewe. Una haki ya kukataa, na una haki ya kubadilisha mawazo kesho yake.

Hatua ya tatu: jiridhishe kuhusu usalama

Mama mchangiaji wa kweli ni mwenye afya, anayemnyonyesha mtoto wake na kubaki na ziada. Benki humhoji kuhusu uvutaji sigara, pombe, dawa anazotumia na kama amewahi kuongezewa damu karibuni. Damu yake hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Sehemu nyingi hupima na virusi vya HTLV, vya jamii moja na VVU. Maziwa nayo hupimwa bakteria, na benki zinazofuata utaratibu mkali huyamwaga yote yakionekana na kijidudu hata kimoja baada ya kupashwa joto. Kila chupa hupewa namba inayoweza kufuatiliwa mpaka kwa mchangiaji. Mwulize muuguzi akuonyeshe lebo: namba, tarehe ya kupashwa joto, tarehe ya mwisho wa matumizi. Chupa isiyo na lebo isiingie kinywani mwa mtoto.

Kwa familia za Kiislamu swali la udugu wa kunyonya ni zito, na mhudumu hapaswi kulichukulia kama usumbufu. Sheria huwafanya waliolishwa na mama mmoja katika miaka miwili ya mwanzo kuwa ndugu wasioweza kuoana. Madhehebu hutofautiana kuhusu kiasi: Shafi wanahesabu manyonyesho matano, Hanafi na Maliki hata kidogo kinatosha. Wanazuoni wa sasa nao wamegawanyika. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la nchi za Kiislamu lilizikataza benki za maziwa mwaka 1985, na Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti likaruhusu mwaka 2004 mtoto apewe pale haja inapokuwepo. Ushauri wangu ni kumwuliza mwanazuoni mnayemwamini mapema, hata kwa simu, na kuiomba hospitali mambo mawili: maziwa ya mchangiaji mmoja badala ya yaliyochanganywa, na maandishi ya kumtambua mchangiaji huyo kwa ridhaa yake. Baadhi ya hospitali hufanya hivyo. Na mkishapata maandishi hayo, yatunzeni pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Hatua ya nne: kuyeyusha na kutunza

Wodini kazi hii ni ya wauguzi. Nyumbani, kama mmeruhusiwa kuondoka na chupa kadhaa, ni yenu. Chupa iliyoganda ihamishiwe kwenye sehemu ya kawaida ya friji usiku mzima, au isimamishwe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, yasifike kwenye kifuniko. Usiyachemshe, wala usitumie maikrowevu: hupasha kwa madoa madoa, na doa moja la moto linaunguza koo la mtoto. Mafuta yakijitenga juu, zungusha chupa taratibu mpaka yachanganyike. Mafuta hayo ndiyo nguvu ya mtoto, na hupenda kung'ang'ania kuta za chupa na za mpira.

Yakishayeyuka yakae kwenye friji na yatumike ndani ya saa 24. Nje ya friji usiyaache zaidi ya saa moja hadi mbili. Usiyagandishe tena. Yaliyobaki kwenye kikombe alichokwisha kukigusa mtoto hayarudi kwenye chupa. Kwa sababu hiyo mimina kidogo kidogo. Mtoto wa kilo moja kwenye siku zake za mwanzo anaweza kutumia mililita 20 tu kwa siku nzima, na inauma kumwaga maziwa ambayo mama mwingine aliyakamua usiku.

Maziwa yako mwenyewe, mabichi, huvumilia zaidi: saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, siku 4 kwenye friji, na yakiwa kwenye friza ni bora ndani ya miezi 6. Hizo ni kanuni za mtoto mwenye afya aliye nyumbani. Wodi ya watoto njiti inaweza kuwa na muda mfupi zaidi, na huo ndio wa kufuatwa. Yakiwepo yako, mtoto apewe yako kwanza kila mlo, na ya benki yajaze pengo.

Hatua ya tano: kiasi na namna ya kulisha

Mtoto njiti huanza na kiasi kidogo cha kuuzoesha utumbo, mara nyingi mililita 10 hadi 24 kwa kila kilo kwa siku, huku akipata maji na virutubisho kwa mshipa. Kisha huongezwa kila siku anavyovumilia, mpaka mililita 150 hadi 180 kwa kilo. Daktari ndiye anayepanga, lakini kujua hesabu hukupa amani. Mtoto wa kilo 1.2 aliyefika mililita 160 kwa kilo anahitaji mililita 192 kwa siku. Akilishwa kila saa mbili, ni mililita 16 kwa mlo. Ukiona bomba lina vijiko vitatu tu vya chai, hajanyimwa.

Mtoto aliyetimia miezi, anayeongezewa tu mpaka maziwa ya mama yaje, naye hahitaji chupa nzima. Saa 24 za kwanza, mililita 2 hadi 10 kwa mlo zinatosha. Siku ya pili 5 hadi 15, ya tatu 15 hadi 30, ya nne 30 hadi 60. Akijazwa zaidi ya hapo atalala, hatanyonya, na titi halitapata ujumbe wa kutengeneza.

Kabla ya wiki 32 hivi, maziwa hupita kwenye mpira mwembamba unaoingia puani au mdomoni hadi tumboni. Kila mara kabla ya kulisha, muuguzi ahakikishe mpira uko tumboni na haujateleza. Maziwa yashuke yenyewe kutoka kwenye bomba lililoinuliwa, usiyasukume. Wakati huohuo mweke kifuani, mdomo karibu na titi lililokwisha kukamuliwa, ajifunze harufu na kulamba huku tumbo likijaa.

Akianza kumeza vizuri, kikombe kidogo ni rafiki mzuri. Mketishe karibu wima, kichwa kikiwa kimeegemezwa. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yafike mdomoni tu, kisha ngoja. Atatoa ulimi na kuramba mwenyewe. Ukimimina, atapaliwa. Mwenye kaakaa lililopasuka huhitaji chupa laini maalumu ya kubinywa, na mwenye kuijua ni timu inayotibu mdomo sungura na kaakaa. Iulizie hata kama upasuaji uko mbali.

Mlo usizidi dakika 30. Akitokwa jasho, akipumua kwa kasi, midomo ikigeuka ya bluu, au akitapanya vidole kama anayejitetea, simama. Mtoto anayechoka hutumia nguvu nyingi kuliko anayoipata. Kinachobaki kipite kwenye mpira.

Hatua ya sita: pima uzito, usikisie

Hapa ndipo wengi huteleza, wakidhani maziwa ya mama yoyote yanatosha kwa kila mtoto. Wachangiaji wengi walijifungua kwa wakati na watoto wao wana miezi kadhaa, kwa hiyo maziwa yao yana protini gramu moja hivi kwa kila mililita 100. Mtoto njiti anahitaji gramu 3.5 hadi 4 kwa kilo kwa siku. Rudi kwenye yule wa kilo 1.2: mililita zake 192 zinampa chini ya gramu 2 zote kwa pamoja, wakati anahitaji zaidi ya 4. Kumwongezea kiasi hakuzibi pengo hilo, tumbo halina nafasi. Kwa hiyo madaktari huongeza unga maalumu wenye protini, kalsiamu na fosforasi, kwa kawaida akishafika mililita 100 hivi kwa kilo au kabla kidogo. Wazazi wengine huukataa wakiogopa kuharibu maziwa. Uulize umetengenezwa kwa nini, utapewa jibu, lakini usiukatae kwa hofu tu. Mtoto anayekua polepole mno anakosa protini na madini ya kujengea ubongo na mifupa.

Mtoto njiti aliyetulia anatarajiwa kuongezeka gramu 15 hadi 20 kwa kilo kwa siku. Uliza uzito wake na uuandike kwenye daftari lako. Ukisimama siku tatu mfululizo, uliza mpango ni upi. Kwa aliyetimia miezi, kupungua hadi asilimia 10 ya uzito siku za mwanzo huweza kutokea, na awe ameurudisha ndani ya wiki mbili. Baada ya siku ya tano nepi za mkojo ziwe angalau sita kwa siku.

Ita muuguzi mara moja ukiona tumbo limevimba na kukaza, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, mtoto amelegea ghafla au anasahau kupumua. Maziwa ya binadamu hupunguza hatari ya NEC, hayaiondoi.

Hatua ya saba: kurudi kwenye titi

Maziwa ya benki mara nyingi husimamishwa mtoto akifika umri au uzito uliowekwa na hospitali, au ya mama yakitosha. Ulizia tarehe hiyo mapema ili isikukute ghafla. Punguza mlo mmoja wa benki kila unapopata ziada ya kwako, na kila jaribio la titi lifanyike akiwa macho, kabla njaa haijamfanya alie. Maziwa yakikushinda kuongezeka licha ya kukamua vizuri, omba kuchunguzwa: kipande cha kondo, upungufu wa damu, tezi ya shingo na baadhi ya dawa ni vitu vya kutafutwa. Na kama hayakuja kabisa, hujashindwa kuwa mama.

Pasipokuwa na benki

Watu wengi wako hapa. Kuna dada au jirani anayenyonyesha, yuko tayari, na upendo wake ni wa kweli. Kwa mtoto njiti aliye wodini usimpe maziwa hayo kwa siri, mweleze daktari. Kwa mtoto aliyetimia, mama huyo apimwe VVU, homa ya ini na kaswende, aulizwe dawa, pombe na sigara, na vipimo vya zamani vya kliniki visichukuliwe kuwa vinatosha. Mkikubaliana, kuna njia ya kupasha ya nyumbani iliyofanyiwa utafiti dhidi ya VVU. Weka maziwa kwenye chupa ya kioo iliyo wazi, isimamishe kwenye sufuria yenye maji yanayozidi usawa wa maziwa kwa vidole viwili, washa moto mkali, na maji yakianza tu kutokota kwa nguvu itoe chupa na uifunike ipoe. Hupunguza hatari, haichukui nafasi ya benki.

Ya kununua kwa wasiojulikana mtandaoni sikushauri kabisa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulinunua sampuli 101 za namna hiyo, na takriban robo tatu zilikuwa na bakteria wa kutia wasiwasi. Uliofuata mwaka 2015 ulikuta baadhi zimechanganywa na maziwa ya ng'ombe.

Ikibidi ya kopo, yape bila aibu, kwa maji yaliyochemshwa na yakiwa bado na joto la nyuzi 70 au zaidi wakati wa kuchanganya unga, kisha yapoze. Unga wa kopo si kitu kisicho na vijidudu. Tumia kikombe badala ya chupa ya chuchu, na endelea kukamua. Mama mwenye VVU anayetumia dawa vizuri azungumze na kliniki yake kabla ya kuamua chochote, kwa kuwa miongozo hutofautiana na katika sehemu nyingi kunyonyesha kunaruhusiwa.

Ukiwa na ziada na ungependa kuchangia

Kwanza mtoto wako ashibe na maziwa yatulie. Piga simu benki kabla ya kuanza kuweka akiba, kwa kuwa baadhi huhitaji vyombo vyao na hukataa yaliyokamuliwa kabla ya vipimo. Nawa mikono, tumia chombo kilichochemshwa, acha nafasi juu kwa ajili ya kuganda, andika tarehe na saa, na ugandishe siku hiyohiyo. Usimimine maziwa ya moto juu ya yaliyoganda. Ukiumwa, ukianza dawa yoyote, hata ya mitishamba, au ukinywa pombe, waambie. Watakuelekeza usubiri siku ngapi. Mama aliyempoteza mtoto naye huweza kuchangia katika benki nyingi, akitaka, na hapaswi kushawishiwa wala kuzuiwa. Na kama unaona mililita 100 ni kidogo mno kupelekwa, zipeleke.